Jakuzi la nyumbani Tanga: mwongozo wa kulitunza na kulitengeneza linapogoma

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na majakuzi vingi vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Vinaeleza kwa kirefu namna ya kuzuia maji yasigande ndani ya mabomba na namna ya kutunza joto usiku wa theluji. Ukiwa Sahare, Raskazone au Mwambani, kurasa hizo hazikusaidii. Huku kwetu majakuzi huuawa na vitu vitatu: chokaa ya maji ya visima, chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, na joto ambalo maji hushindwa kulitoa. Ukivijua vitatu hivyo, matatizo mengi utayaona kabla hayajafika.

Nimeandika kwa mwenye nyumba, kwa kijana anayesimamia nyumba ya wageni, na kwa fundi wa umeme au wa bomba aliyepigiwa simu aje kuangalia mashine ambayo hajawahi kuifungua.

Maji ya kujazia

Kabla ya kununua dawa yoyote, jua unajaza maji gani. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, mto unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Kisima kilichochimbwa uani ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani imekaa juu ya mwamba wa chokaa na matumbawe. Mapango ya Amboni yenyewe yalichongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Maji yanayopita humo hubeba kalsiamu, na karibu na ufuo hubeba chumvi pia.

Dalili za maji magumu hazihitaji maabara kuonekana. Tazama ndani ya birika la chai: ukikuta gamba jeupe linalobanduka, maji yako ni magumu. Sabuni inayokataa kutoa povu ni dalili nyingine. Kisha thibitisha kwa karatasi za kupimia maji, zile za kuchovya na kulinganisha rangi. Jakuzi linataka ugumu wa kalsiamu kati ya miligramu 150 na 250 kwa lita.

Chokaa ina tabia iliyo kinyume na sukari au chumvi: maji yakipata moto, uwezo wake wa kuyeyuka hupungua. Kwa hiyo huganda pale penye moto kuliko pote, yaani juu ya koili ya hita. Nimefungua mabomba ya hita ambamo koili haionekani kabisa. Kilichomo ni fimbo nene nyeupe. Ukiigonga kwa mpini wa bisibisi inadondosha magamba yenye unene wa ganda la yai, na chini yake chuma kimegeuka rangi ya zambarau kwa kuungua. Koili ya namna hiyo haikufa kwa uzee. Joto lake lilizuiwa kutoka, ikajipika yenyewe.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote iko juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana kalsiamu kabisa. Kama kisima chako kinasoma 400, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, utapata kama 200, na hapo ndipo tunapopataka. Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo majira ya kupanga kubadilisha maji. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa kwanza, maana vumbi na mavi ya ndege hushuka na maji ya dakika za mwanzo, halafu kinga kwenye simtanki kupitia kitambaa safi. Paa liwe la bati. Maji ya paa la makuti hutoka na rangi ya chai na hayafai. Usijaze maji ya mvua matupu, kwa sababu maji yasiyo na kalsiamu hula vyuma na hutoa povu kwa urahisi.

Wakati wa kujaza, jua na ujazo wa jakuzi lako, maana kila kipimo cha dawa hapa chini kinautegemea. Ukijaza kwa maji ya bomba, soma mita kabla na baada: uniti moja ni lita 1,000. Ukijaza kutoka simtanki, ukubwa wake umeandikwa ubavuni. Andika namba hiyo kwa wino usiofutika ndani ya mlango wa mashine, ili fundi yeyote anayekuja aikute.

Kujaza na kuwasha

1. Zima breka ya jakuzi. Pampu ikizunguka bila maji kwa dakika chache tu, sili yake, yaani kizuizi cha maji kwenye mhimili, inaungua.

2. Ingiza mpira wa maji ndani ya shimo la filta badala ya kuuacha katikati ya beseni. Maji yakiingilia kwenye filta yanasukuma hewa mbele yao. Yakiingilia katikati, hewa inabaki imenaswa kwenye mabomba.

3. Jaza mpaka maji yafunike jeti za juu (matundu yanayorusha maji) na kufika katikati ya mdomo wa filta.

4. Washa breka, kisha pampu kwa mwendo wa chini. Maji yakitoka kwa kurukaruka huku yakichanganyika na mapovu, subiri kidogo yatulie.

5. Pampu ikinguruma na maji hayatoki, kuna hewa. Zima tena. Legeza kwa mkono ile yunioni kubwa ya plastiki iliyo mbele ya pampu, robo mzunguko tu. Utasikia hewa ikitoka kwa mluzi mwembamba, kisha maji yataanza kudondoka. Kaza kwa mkono, bila spana, uwashe upya. Mara nyingine inabidi kurudia.

Hatua hiyo ya tano imewagharimu watu pampu nzima. Mtu anajaza maji mapya, pampu inanguruma, anaambiwa imeungua, inanunuliwa nyingine, kumbe hewa tu. Ukitaka kujua bei ya kosa hilo, waulize wenye maduka ya vifaa kule Ngamiani pampu ya namna hii inauzwaje.

Dawa: vipimo na hatari zake

Maji ya jakuzi ni machache, ya moto, na watu hukaa humo wakitoka jasho. Vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa mapafu wa Legionella hustawi kati ya nyuzijoto 20 na 45 hivi. Zingatia jambo hili: maji yetu ya Tanga, hata hita ikizimwa, yamo ndani ya kiwango hicho mwaka mzima. Hatuna majira ya baridi ya kutusaidia. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa maonyesho tu lilieneza ugonjwa huo. Watu wasiopungua 32 walifariki, na wengi hawakuligusa hata maji yake. Walipita karibu wakavuta mvuke na matone yaliyorushwa hewani. Kwa hiyo klorini haiwekwi kwa ajili ya kupendezesha maji. Ndiyo inayolinda uhai wa walio ndani na wanaopita nje.

Vipimo vya kushikilia ni hivi: klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, isipungue miligramu 3 kwa lita; ukitumia bromini, isipungue 4. pH, kipimo cha ukali wa asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Alkali jumla iwe kati ya 80 na 120.

Anza na alkali, kisha pH, mwisho klorini, kwa sababu alkali ndiyo inayoishika pH isiyumbe. Alkali ikiwa chini, ongeza magadi ya kupikia maandazi, ile bikaboneti nyeupe ya dukani: gramu 17 katika lita 1,000 hupandisha alkali kwa 10. Ila kwa maji ya visima vya pwani tatizo huwa kinyume chake, alkali iko juu na pH haikamatiki. Unaishusha leo, kesho imepanda. Sababu ni mapovu: jeti za hewa zinafukuza gesi ya kaboni kutoka kwenye maji, na ikitoka pH inapanda. Shusha pH kwa asidi kavu ya majakuzi mpaka 7.2, acha jeti zifanye kazi na kifuniko kikiwa wazi, pima, shusha tena. Kila mzunguko alkali inapungua, na baada ya siku kadhaa pH itatulia. Ikishatulia, funga vali ya hewa kila jeti zinapotumika kwa kuchuja tu.

Klorini inayopatikana kirahisi hapa ni unga wa HTH, wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Katika lita 1,000, gramu 5 hivi, yaani karibu kijiko kimoja cha chai cha msawazo, huongeza kama miligramu 3 kwa lita. Ukitumia dawa ya maji ya kufulia yenye asilimia 3.5, kiasi kinacholingana ni mililita 85 hivi. Hakikisha haina manukato wala sabuni. HTH imetengenezwa kwa kalsiamu, kwa hiyo kwa mwenye maji magumu inaongeza chokaa juu ya chokaa. Ninachofanya ni kukoroga unga kwenye ndoo ya maji safi, kuacha utulie, na kumimina yale maji ya juu yaliyotakata. Masimbi meupe ya chini hayaingii kwenye jakuzi.

Sasa hatari, na hapa naomba msomaji asiruke. Unga unaingizwa ndani ya maji; usimwage maji juu ya unga. Klorini haikutanishwi na asidi kamwe, wala kwenye ndoo moja wala kwa kijiko kimoja, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. HTH na vile vidonge vikubwa vya bwawa la kuogelea havichanganywi hata vikiwa vikavu: vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Vidonge hivyo vya bwawa havifai kwa jakuzi kwa vyovyote vile. Ni vikali, vinashusha pH mno, na vinaacha kiimarishi kinachoidhoofisha klorini kadiri kinavyojikusanya. Weka dawa mahali pakavu, juu, mbali na watoto na mbali na kasha la umeme, maana mvuke wake hula shaba.

Pima kila siku jakuzi linapotumika, na angalau mara tatu kwa wiki likikaa bure. Baada ya wageni wengi, piga dozi kubwa: gramu 15 za HTH kwa lita 1,000, jeti zikizunguka, kifuniko wazi kwa nusu saa. Hakuna anayeingia mpaka kipimo kishuke hadi 5 au chini yake.

Joto

Kiwango cha juu ni nyuzi 40, na robo saa inatosha. Kwa Tanga naona hata 37 ni nyingi mchana wa Februari. Wengi hufurahia 34 hadi 36. Mama mjamzito, mwenye presha na mwenye ugonjwa wa moyo waulize daktari kwanza. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Kupandisha lita 1,000 kwa nyuzi moja kunakula uniti 1.16 za LUKU. Kutoka 28 hadi 37 ni uniti kama 10 na nusu, na hita ya kilowati 3 itachukua saa tatu na nusu. Ikichukua siku nzima, hita ina hitilafu au jakuzi halina kifuniko.

Tatizo linalotushangaza zaidi ni la upande wa pili: hita imezimika, maji yamepita kiwango ulichoweka, na yanaendelea kupanda. Mwenye nyumba anadhani kihisi kimeharibika. Kwa kawaida ni pampu. Nguvu yake nyingi huishia kuwa joto, sehemu ndani ya maji na sehemu ndani ya kasha lililofungwa vizuri kwa ajili ya baridi ya nchi nyingine. Mitambo mingi maji yakipita nyuzi 43 hivi huandika OH na kujizima. Punguza saa za kuchuja ziwe za usiku na alfajiri, zigawe vipindi vifupi, ondoa ubao mmoja wa kasha ulio upande wa kivuli ili hewa ipite (ziba nafasi hiyo kwa wavu wa chuma), na funua kifuniko kidogo jua likizama. Kivuli cha makuti juu ya jakuzi kinasaidia kuliko mabadiliko yoyote ya kwenye kompyuta yake, na kinaokoa kifuniko kisipasuke kwa jua.

Filta

Kila wiki, itoe na uisuuze kwa mpira wa maji, ukipitisha maji kati ya mkunjo na mkunjo kutoka juu kwenda chini. Kila mwezi, iloweke usiku kucha kwenye maji yenye dawa ya kuondoa mafuta, isuuze mpaka povu liishe, uianike kivulini. Ikiwa na chokaa, loweka mara ya pili kwenye siki iliyozimuliwa, lakini mafuta yatoke kwanza. Ukitanguliza siki, mafuta yanajifunga humohumo. Kuwa na filta mbili za kupokezana. Baada ya mwaka au miwili ikitumika mfululizo, itupe.

Mafuta ndiyo adui mkubwa wa filta katika nyumba za Kiswahili, na sababu ni nzuri: watu wanajipenda. Bibi harusi aliyesingwa singo na liwa, au mtu aliyejipaka mafuta ya nazi kuanzia utosini hadi miguuni, akiingia bila kuoga, filta imekwisha siku hiyo. Oga kwanza kwa maji na sabuni, usuuze vizuri. Kanga na nguo za kuogelea zisuuzwe kwa maji matupu. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye kitambaa ndiyo inayoleta povu.

Umeme, kabla hujagusa chochote

Jakuzi liwe na laini yake kutoka kwenye ubao, breka yake, na kikata umeme kinachokatika umeme ukivuja kwa miliampia 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Kisipokatika, jakuzi halitumiki mpaka kibadilishwe. Waya wa ethi uwe umefungwa kwenye fimbo iliyozama ardhini kwelikweli. Ardhi ya mchanga mkavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo mwombe fundi aipime ethi kwa mita. Kuitazama kwa macho hakutoshi.

Kama jakuzi lililetwa kutoka Marekani, soma kibati cha pampu. Pampu iliyotengenezwa kwa hezi 60 hapa kwenye hezi 50 huzunguka kwa mwendo wa tano juu ya sita na hupata moto kupita kiasi. Transfoma ya kubadilisha volti haibadilishi hilo.

Umeme ukikatika, zima breka. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie kabla ya kuwasha, kwa kuwa bodi za mitambo hii huungua zaidi umeme unaporudi kuliko unapokatika. Umeme ukikosekana kutwa nzima, pima klorini, ongeza, ukoroge kwa mkono, na kifuniko kiwe kimefungwa. Radi zikianza kupiga, watu watoke na breka izimwe.

Sasa chumvi. Fungua mlango wa mashine kila baada ya miezi mitatu, umeme ukiwa umezimwa kwenye ubao na kuhakikishwa kwa tesita. Tazama skrubu za vituo vya nyaya. Ukiona unga wa kijani, shaba inaliwa. Ukiona plastiki ya waya imegeuka kahawia karibu na skrubu, muunganiko umelegea na unapata moto. Kuungua huko huanza kwa skrubu moja isiyokazwa na huishia kwa bodi nzima. Safisha, kata kipande kilichoungua, kaza, paka grisi ya silikoni. Skrubu za kasha zinazooza zibadilishwe kwa chuma cha pua daraja la 316, ambacho hustahimili chumvi kuliko kile cha kawaida. Matundu ya nyaya yazibwe kwa silikoni, maana sisimizi hupenda kuingia kwenye rilei (swichi ndogo za juu ya bodi), wakabanwa katikati ya vidole vyake, na jakuzi likawa linawaka na kuzima bila sababu inayoonekana. Mijusi nao huacha alama zao juu ya bodi. Usipulize dawa ya wadudu kwenye bodi yenye umeme.

Linapogoma

*Halipashi, au linaandika FLO.* Maandishi hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini FLO na yanayofanana nayo yana maana kwamba maji hayapiti kwa kasi ya kutosha kwenye hita. Toa filta kabisa, washa. Tatizo likiondoka, filta imeziba, huhitaji fundi. Likibaki, angalia kina cha maji, vali zilizo kila upande wa pampu kama ziko wazi, halafu hewa. Hivyo vyote vikiwa sawa ndipo umshuku kihisi. Yakiandikwa SN, kihisi cha joto ndicho kinacholalamika, na mara nyingi plagi yake ndogo imeshika kutu. Ichomoe, uisafishe, uirudishe kabla ya kununua kipya.

Kama maji yanapita na hayapati moto, fundi azime umeme, achomoe nyaya mbili za koili na kupima kwa mita ya omu. Koili ya kilowati 3 kwa volti 230 inasoma omu 17 hadi 18. Ya kilowati 2 inasoma omu 26 hivi. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha apime kati ya mguu wa koili na bomba la chuma: hapo pasisomeke chochote.

*Breka inakatika.* Chomoa vifaa kimoja kimoja, umeme ukiwa umezimwa kila mara, na ujaribu tena. Anza na hita, kisha kifaa cha ozoni kama kipo, kisha pampu. Kile ambacho kikitolewa breka inashika, ndicho. Kwetu huku hita huongoza, kwa sababu chokaa hupasua ganda la koili. Usimruhusu mtu yeyote kukipita kikata umeme kwa waya ili wageni wasisubiri. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu huombwa hivyohivyo, tena kwa upole: "Fundi, tuunganishie tu kwa leo, kesho utarekebisha." Jibu ni hapana, hata akiomba mzee unayemheshimu. Mwambie, "Shikamoo mzee, nisamehe, maji na umeme havina leo wala kesho."

*Pampu inanguruma haizunguki.* Zima umeme. Upande wa nyuma wa mota jaribu kuzungusha mhimili wake kwa bisibisi. Ukizunguka kwa ulaini, mshuku kapasita, kile kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Fundi aitoe umeme uliobaki kabla ya kuishika, kwa kuwa hupiga hata mota ikiwa imezimwa. Ukikwama, fungua mdomo wa mbele wa pampu: nywele, kipande cha kifuniko cha jeti, au chokaa. Pampu inayopiga kelele ya kusaga ina beringi zilizokwisha, na beringi mara nyingi hufa kwa sababu sili ilivuja maji ya dawa juu yake kwa muda mrefu. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

*Linavuja.* Kwanza hakikisha ni uvujaji. Weka ndoo yenye maji pembeni ya jakuzi, weka alama kwenye ndoo na kwenye jakuzi lisilofunikwa, hita na pampu zikiwa zimezimwa. Kesho yake vikipungua sawa, ni mvuke tu. Jakuzi likipungua zaidi, linavuja. Likipungua pampu ikiwa inafanya kazi tu, tafuta upande wa msukumo: mabomba ya baada ya pampu na jeti. Likiendelea kupungua likiwa limezimwa, liache lishuke mpaka liache lenyewe. Tundu liko usawa wa pale maji yaliposimama. Kabla ya kufumua chochote, papasa chini ya pampu na kwenye yunioni za hita. Oringi (pete ya raba ya kwenye maungio) iliyokauka ndiyo inayokutwa zaidi, na bei yake haifanani kabisa na hofu iliyoletwa na dimbwi sakafuni.

*Maji yana rangi au harufu.* Meupe kama yaliyochanganywa maziwa: pima pH na kalsiamu, safisha filta, piga dozi kubwa. Kahawia baada ya kutia klorini: maji ya kisima yana chuma, yachuje kupitia filta, uisafishe, urudie. Utelezi kwenye kuta, hata maji yakionekana safi, una maana klorini ilikwisha zamani. Harufu kali ya "klorini" inayochoma macho ni dalili ya klorini iliyochoka kwa jasho na mkojo, na dawa yake ni kuongeza klorini, ingawa wengi hupunguza. Harufu ya yai bovu ni jambo la kawaida pale chemchemi za moto za Galanos, ambako salfa hutoka ardhini; kwenye jakuzi lako usiizoee. Toa maji yote, safisha mabomba. Vipele vidogo vyekundu vinavyowasha, hasa vikijaa mahali nguo ya kuogelea ilipobana, vikitokea siku moja au mbili baada ya kuoga, vinatokana na bakteria waliozoea maji yenye klorini kidogo. Funga jakuzi siku hiyohiyo.

Jambo moja haliruhusu kusubiri fundi: kifuniko cha tundu la kufyonzea maji kilichovunjika au kulegea. Mwaka 2002 huko Marekani mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mfyonzo wa tundu la jakuzi na kufa maji. Sheria yenye jina lake, ya 2007, ilifuata. Kifuniko hicho kikiharibika, breka inazimwa, watoto wanaondolewa, na jakuzi linafungwa kwa kufuli mpaka kipya kifungwe. Wenye nywele ndefu wazifunge juu kila wakati.

Kubadilisha maji, na unaposafiri

Chukua lita za jakuzi, gawa kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Jibu ni siku ambazo maji yatadumu. Jakuzi la lita 1,200 likitumiwa na watu wawili kila siku linapewa siku 55 hivi. Hata likitumika mara chache, usivuke miezi mitatu au minne.

Siku moja kabla ya kumwaga, toa filta, tia dawa ya kusafisha mabomba ya jakuzi, na uendeshe jeti zote. Uchafu utakaoelea, vipande vya kijivu vyenye utelezi, ndio utando ambao klorini haikuufikia. Baada ya kumwaga, futa beseni kwa kitambaa laini na siki, suuza. Hapo ndipo pia pa kuitoa hita na kuiloweka kwenye siki au maji ya asidi ya limau mpaka chokaa iache kutoa mapovu. Maji yakimwagwa bustanini, acha klorini ishuke hadi sifuri kwanza kwa kuliacha wazi juani, la sivyo michungwa na mchicha vitaonyesha madhara.

Ukisafiri wiki mbili na kuna mtu anayeweza kupima na kutia klorini, shusha joto mpaka chini kabisa na uliache likizunguka. Kama hakuna mtu, limwage, lipanguse likauke, fungua plagi ya chini ya pampu itoe maji yaliyobaki, na zima breka. Usiliache na maji yaliyolala bila dawa, hata kidogo: mbu wanaoeneza dengu hutaga kwenye maji yaliyotulia, na kidimbwi cha mvua juu ya kifuniko kilichobonyea kinawatosha. Inua kifuniko kwa mshazari ili kimwage. Ukirudi, badilisha oringi zilizokauka kabla ya kujaza, kisha anza upya kwenye hatua ya kwanza ya kujaza, na siku mbili za mwanzo klorini isishuke chini ya 5 kabla mtu hajaingia.